Mikono Saba ya Rangi

Duluth, Minnesota
3 Novemba 2018

Mdogo wangu Aila,

Salamu kutoka kwenye baridi. Goti langu la kushoto limeanza kutabiri theluji siku mbili kabla ya redio, ila zaidi ya hilo mimi ni mzima. Wewe je? Nilikuacha umechoka. Ulimwaga kahawa nje ya kikombe mara mbili, nami nikasema ni uchovu tu, kwa kuwa ulikuwa umetoka kazini. Asante kwa kunilaza siku tisa, na kwa mkate wa iliki, ingawa ule wa mama ulikuwa na iliki zaidi na tusibishane.

Wengine wangepiga simu. Lakini mama alisema simu ni ya misiba, na mimi naona bado alikuwa na haki. Barua mtu anaitunza. Zako zote ninazo kwenye kasha la misumari, tangu ulipokwenda Florida.

Sasa nisikilize. Sikutaka kukuharibia chakula mezani, lakini jambo hili limenikaa kooni. Nimeingia Ziwa Korongo mara ishirini na saba. Mara ishirini na sita na wifi yako Marlys, mwezi wa ndoa yetu kila mwaka, na mara hii peke yangu, ya kwanza tangu tumzike. Watu wengine hukumbuka ndoa yao kanisani. Sisi tuliikumbuka kwenye bustani ya michezo ambako mdogo wangu anapaka rangi, na hatukuona aibu, kwa sababu pale kila kitu kilikuwa kimefanywa sawasawa. Mtu wa paa kama mimi anakwenda mahali na jambo la kwanza anatazama viungo. Pale viungo vilikuwa vimekaa.

Havikai tena. Nilikuwa na lile daftari langu la kupimia mapaa. Meli ya mvuke kwenye gati ina taa 640. Zimekufa 83, karibu asilimia kumi na tatu. Choo cha wanaume karibu na daraja kina mabomba 12. Yanayotoa maji ni 7. Foleni ya bembea ya ndege wa kuchonga, ubao unasema dakika kumi na tano. Nilisimama arobaini na moja. Andazi la mdalasini: ninayo picha ya Marlys ya mwaka 1996 ameshika andazi limejaa kiganja. Hili la sasa lingeweza kujificha nyuma ya kidole gumba. Tiketi imepanda mara nne.

Yote hayo ningeyameza. Lakini Mchungaji, Aila. Unajua Marlys alikuwa hapandi ndege mwingine ila yule korongo wa kijani, namba 14, kwa vile anasimama kama mchungaji wetu anayesubiri watu wanyamaze. Nilipofika nilimtafuta mara mbili nisimwone. Shingo imekuwa ya buluu, buluu ya bomba la maji machafu. Na duara jeusi la jicho halikukaa juu ya jicho lililochongwa. Limekaa pembeni, kama miwani iliyoteleza. Nikamuuliza dada wa getini:

“Mchungaji amefanywa nini shingo?”

“Mchungaji gani, baba?”

“Namba kumi na nne.”

“Huyo ni korongo, baba.”

“Najua ni korongo. Mke wangu amempanda miaka ishirini na sita.”

“Basi ndiyo maana amechoka,” akasema, na foleni nzima ikacheka.

Nikaandika kwenye daftari: aliyefanya kazi hii hana macho. Nitaipanga orodha yote vizuri niwapelekee wakubwa.

Jambo la mwisho, la utani. Karatasi unayoandikia ni ileile ya siku zote. Zamani ulikuwa ukiweka mistari 31 kwa ukurasa. Barua yako ya Agosti ina 24. Na wewe umepandisha bei?

Kaka yako,
Arvo


Ziwa Korongo, Florida
19 Novemba 2018

Kaka Arvo,

Barua yako imefika, na goti lako nimelipokea kwa heshima. Mimi sijambo. Joto limepungua, mamba wa bwawa la nyuma amerudi kuota jua karibu na gari la jirani, na jirani anakwenda kazini kwa miguu.

Iliki ilikuwa ya kutosha. Mama alizidisha ili kuficha unga mbaya.

Nimecheka kuhusu taa, kwa sababu umehesabu za upande wa gati. Upande wa pili wa meli hawawashi kabisa tangu Pasaka. Kwa hiyo usifikiri nakukatalia. Kiwango kinashuka, ndiyo. Ila sisi karakanani tunabishana kama kinashuka au kinashushwa.

Nilipoanza tulikuwa wapaka rangi ishirini na wawili. Leo tuko watano, mimi na Odalys na wengine watatu. Mzee Tibbets, Mungu amlaze pema, alitufundisha mikono saba, yaani kupaka mara saba. Mkono wa praima, ile rangi ya msingi, msasa; mkono wa pili, msasa; hivyo hadi wa saba, na kila mmoja ukauke siku yake. Kisha anakuambia ufumbe macho na kupapasa. “Mikono mingapi?” Ukisema sita na ni saba, unarudi kwenye msasa. Baada ya mwezi mmoja nilikuwa naweza kuhesabu rangi kwa kiganja kama wewe unavyohesabu mabati. Ndege mmoja alichukua siku kumi na tisa, na wageni hawakujua kwamba aliondoka, kwa vile tulikuwa na ndege wa akiba.

Sasa tuna msimamizi mpya, Bwana Kessler. Anatembea na saa ya kupimia wakimbiaji. Ndege ni siku nne, mikono mitatu. Odalys alimwambia, “Bwana, rangi haijui kukimbia.” Akajibu, “Basi tununue inayojua.” Si mtu mbaya. Anatoka kwenye maghala, anafikiri ndege ni boksi lenye mdomo.

Nakuomba kitu kimoja. Hiyo orodha iache baina yetu. Niisome mimi, nicheke mimi, na ibaki kwenye kasha la misumari.

Na Mchungaji mwache. Namjua aliyempaka. Hakukusudia. Rangi yake ya kweli, kama bado unaitaka kichwani, ni sehemu tatu za kijani cha majani, moja ya manjano ya haradali, na tone la nyeusi la kukaa kwenye ncha ya kiberiti. Marlys aliwahi kuniuliza nami nikamnyima, nikasema ni siri ya kazi. Najuta. Ukienda kaburini, mwambie wewe.

Mdogo wako,
Aila


Duluth
2 Desemba 2018

Mdogo wangu Aila,

Nakujulia hali. Huku theluji imefika magotini, pamoja na hilo langu bovu. Nimempelekea Marlys shada la misonobari. Jiwe lake limekaa wima, nililisimamisha mwenyewe, na nililipima.

Nimekusoma mara tatu na sikubaliani. Mimi nilianza na ngazi moja ya kuazima. Miaka arobaini na mbili nimeezeka mapaa 3,118, na kila mteja aliyenipigia kelele nilimshukuru, kwa sababu paa linalovuja halina aibu ya kusema, ni watu ndio wanaona aibu. Wakubwa wenu hawajui. Wanakaa ofisini na ripoti za Kessler, na ripoti za Kessler zinasema siku nne. Nani atawaambia siku kumi na tisa? Mtu aliyelipa tiketi mara ishirini na saba. Wakiona hesabu wataona wenyewe kwamba watu watano hawatoshi, nanyi mtaongezewa. Ninafanya hivi kwa ajili yenu, hata kama hamtaki. Ngojangoja huumiza matumbo.

Na nakuuliza fundi kwa fundi. Ungekuwa wewe ndiye mkubwa wa karakana, ungemwacha mtu atoke na kazi kama ile ya Mchungaji? Mimi aliyepigilia bati kichwa chini nilimlipa siku yake na kumwambia akatafute kazi ya kuuza samaki. Huruma kwa fundi mbovu ni dhuluma kwa paa.

Orodha iko tayari. Kurasa sita, vitu 57, na picha. Mchungaji yuko wa kwanza. Nitaiposti wiki hii.

Barua yako imefika na mistari 17. Utaniambia nikilalamika kwamba na barua zako zimeshuka kiwango?

Kaka yako,
Arvo


Ziwa Korongo
10 Desemba 2018

Kaka Arvo,

Mimi mzima, natumaini nawe.

Tafadhali subiri. Usitume mpaka tarehe 14 Machi. Siku hiyo natimiza miaka thelathini kazini, na mwenye thelathini anaondoka na bima ya afya mpaka ile ya serikali imchukue. Mwenye ishirini na tisa na miezi kumi haondoki na kitu.

Baada ya hapo tuma hata kwa gavana.

Kabla ya hili la orodha sikuwa nimekuomba jambo tangu mazishi ya mama.

Mdogo wako,
Aila


Duluth
20 Desemba 2018

Mdogo wangu Aila,

Heri ya Krismasi inayokuja. Nimekutumia mkate wa iliki kwa posta. Nimeuoka mwenyewe kwa karatasi ya mapishi ya Marlys. Ukiwa mgumu, uchovye.

Barua yako ilinikuta nimekwisha kuposti. Orodha iliondoka tarehe tano, yako imefika tarehe kumi na tano. Hesabu hiyo haina wa kulaumiwa.

Na usiogope. Nimesoma upya kila ukurasa, hakuna jina la mtu hata moja. Nimetaja vitu tu: taa, mabomba, ndege. Bima yako inahusiana nini na mabomba ya choo? Miezi mitatu iliyobaki utaimaliza umekaa.

Tena nina habari njema. Wamejibu. Siku tisa tu, na si barua ya mashine, imetiwa saini kwa wino na mkurugenzi wa ubora, mama mmoja. Anasema “macho makini kama yako ndiyo hazina yetu”, kwamba watakagua kila kitu nilichotaja wakianza na korongo namba 14, na ameweka tiketi mbili za bure. Mbili. Nimezitazama sana. Hakuna wa kumpa ya pili, labda nije nayo kwako siku yako ya kutimiza thelathini.

Unaona sasa? Wakubwa huwa hawajaambiwa.

Kaka yako,
Arvo


Duluth
17 Januari 2019

Mdogo wangu Aila,

U hali gani? Tangu Desemba sijapata mstari, si 31 wala 11. Posta wananiambia mkate ulifika tarehe 27. Kama ulikuwa mbaya sema, mimi si mtoto.

Najua umenuna. Ulinuna vivyo hivyo mwaka 1971 nilipomwambia baba kuhusu yule mpiga gitaa wako, na baadaye ukakubali kwamba alikuwa hajui kupiga gitaa. Machi hiyo iko karibu. Niandikie neno moja tu kwamba wamekagua, na kama wamewaongezea watu.

Kaka yako,
Arvo


Ziwa Korongo
2 Februari 2019

Kaka Arvo,

Salamu. Mwandiko huu si wangu. Odalys anaandika, mimi nasema, na nimemwambia asilainishe. Ukihesabu mistari utakuta 34 kwa ukurasa, yeye ana macho mazuri.

Mkate ulikuwa mzuri. Iliki ilitosha.

Walikuja tarehe nane Januari, Kessler na yule mama wa ubora na mwanamume wa kupiga picha. Walikuwa na kurasa zako sita. Walimteremsha Mchungaji wakamlaza juu ya meza kubwa, kisha wakainua bawa la kushoto. Kuna jambo hukulijua kwa sababu wageni hatuwaambii. Mzee Tibbets alitutaka kila mmoja aweke herufi zake chini ya bawa la kushoto, ili siku ya hukumu pasiwe na ubishi. Yule mama akasoma: A.N.

Akauliza, “A.N. ni nani?”

Nikasema, “Ni mimi, mama.”

Kessler akachukua makopo mawili rafuni, akanyoosha moja. “Bi Niskanen, hii rangi gani?”

“Kijani.”

“Na hii?”

Nikageuza uso nilitafute kwa pembeni, kaka. Odalys akajibu yeye, “Bwana, hapa mwanga ni mdogo.” Taa zilikuwa zinawaka zote.

Katikati ya macho yangu panalika. Ni miaka miwili na nusu sasa. Pembeni naona, katikati ni kama mtu ameweka kidole kwenye kioo. Nikimtazama mtu usoni naona masikio. Ulipokaa nami mezani siku tisa mwezi wa kumi, sikuuona uso wako hata siku moja. Nilijua unatabasamu kwa jinsi masikio yalivyopanda. Kila baada ya wiki sita walikuwa wananichoma sindano ndani ya jicho la kulia, nalo lilikuwa linajishikilia. Bima ndiyo ililipa.

Rangi nilikuwa sichagui kwa macho, nilikuwa nachagua kwa mahali. Kopo la tatu kutoka ukutani, rafu ya kiuno, kijani. Mwezi wa tisa Kessler akaamuru makopo yote yapangwe kwa alfabeti. Odalys akanifungia makopo kwa mipira ya kubania: mpira mmoja kijani, miwili buluu. Lakini wiki niliyompaka Mchungaji yeye alikuwa Tampa, binti yake amejifungua, na aliyefagia rafu akaona mipira ni uchafu akaivua. Nilipiga mikono mitatu ya buluu nikidhani nampambia Marlys wetu. Hapo mwenzangu hakuwepo wa kuniambia, na mimi nikamtia saini.

Uliandika kwamba aliyefanya kazi ile hana macho. Walinisomea kwa sauti. Hukukosea.

Tarehe 18 waliniruhusu niende. Hilo ndilo neno lao, kana kwamba nilikuwa nimeomba. Miaka ishirini na tisa, miezi kumi na siku nne. Wiki iliyofuata waliwaruhusu na hawa wanne. Ripoti inasema wageni wa siku nyingi wamelalamikia kazi ya karakana, na kurasa zako zimeambatishwa nyuma, zote sita. Kuna kampuni ya mbali itakuja kuwavisha ndege stika za plastiki zilizochapwa kwa mashine. Kila ndege saa mbili. Haitahitaji mkono hata mmoja.

Odalys anasema niandike kwamba yeye hana kinyongo na wewe. Namwambia asiseme uongo kwenye barua ya watu.

Ulitaka kujua kama kiwango kimeshuka. Umehesabu taa, umehesabu mabomba, umehesabu hadi mistari yangu. Kiwango tulikuwa sisi watano tu, tumekishika kwa kucha. Sindano ya mwezi huu imenipita.

Usije. Na usipige simu, hakuna aliyekufa.

Mdogo wako,
Aila
(kwa mkono wa Odalys)


Duluth
21 Februari 2019

Mdogo wangu Aila,

Sijui nianze na salamu gani. Natumaini jicho la kulia bado linajishikilia.

Nilipiga simu mara nne. Umesema simu ni ya aliyekufa, nami ndivyo nilivyojisikia. Ililia mpaka ikachoka.

Niliwaandikia tena. Nikawaambia orodha yangu ilikuwa na makosa, kwamba shingo ya korongo ilikuwa sawa, kwamba mimi ni mzee mjane na macho yangu hayafai. Nilidanganya kwa mara ya kwanza kwenye karatasi yenye nembo ya kampuni yangu. Walijibu kwa siku tisa. Ni barua ileile, Aila. Neno kwa neno, “macho makini kama yako ndiyo hazina yetu”, na tiketi mbili. Nikaziweka barua mbili pamoja dirishani kwenye mwanga, zikalaliana mpaka saini. Ule wino si wino, ni mashine.

Baada ya hapo nilishusha kasha la misumari. Nimepanga barua zako sakafuni kwa tarehe, kutoka jiko hadi mlango wa mbele. Mpaka mwaka 2015, mistari 31, mara chache 30. Mwaka 2016, 29. Mwaka 2017, 27. Agosti mwaka jana, 24. Novemba, 17. Desemba, 11, na maneno yamepanda juu ya mstari kama mabati yaliyopigwa na mtu mlevi. Paa likishuka hivyo ninalijua nikiwa barabarani, ndani ya gari, mvua inanyesha. Hili lilikuwa sakafuni kwangu. Nililihesabu kila mara. Nikalifanyia utani.

Na kahawa uliyoimwaga. Nikasema umechoka.

Nimezungumza na kliniki ya macho hapa mjini. Kuna daktari anayechoma hizo sindano. Nimekushikia nafasi ya tarehe 6 Mei, na malipo ni juu yangu. Nauza lori kubwa, silitumii tena. Usiniambie mambo ya fahari, fahari tulirithi sote wawili na wewe unajua imetufikisha wapi. Niandikie ndiyo. Hata Odalys akiandika. Hata akiandika na tusi.

Kaka yako,
Arvo


Duluth
16 Aprili 2019

AILA,

NAANDIKA KWA BRASHI.
MISTARI MITANO KWA UKURASA.
KARATASI NI NYINGI.
HII NI YA MACHO YAKO,
SI YA ODALYS.

TAREHE 14 MACHI NILIOKA MKATE.
NIKAULA PEKE YANGU.
TIKETI ZOTE NNE
NIMEZITIA JIKONI
ZIKAWAKA KIDOGO TU.

BARAFU YA ZIWA INAVUNJIKA.
NAFASI YA MEI BADO IPO.
NIMEKAA KIMYA WIKI NANE
KWA SABAbu... (BRASHI IMETELEZA)
KWA SABABU NILIKUWA NA KAZI.

CHUMBA CHA CHINI,
KARIBU NA JIKO LA KUNI,
NIMEBANDUA KARATASI ZOTE ZA UKUTANI.
UKUTA NI MBAO TUPU.
NIMEPAKA.

TATU KIJANI CHA MAJANI.
MOJA HARADALI.
NYEUSI KWENYE NCHA YA KIBERITI.
MARLYS SASA AMEAMBIWA.
NILIMSOMEA KABURINI.

MKONO MMOJA KWA SIKU TATU.
MSASA KATIKATI.
SIJAWAHI KUFANYA KAZI
POLEPOLE HIVYO.
GOTI LIMELALAMIKA.

UKIJA, FUMBA MACHO.
WEKA KIGANJA UKUTANI,
KULIA KWA MLANGO.
UNIAMBIE NI MIKONO MINGAPI.

MIMI NASEMA NI SABA.
LAKINI HESABU ZANGU
UMEZIONA.

KAKA YAKO